Mashauri kwa Wasafiri: Mkono wa Mwizi Ugenini



Mama mmoja, mke wa mwalimu, ameniletea barua, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kuiweka mezani. Binti yake wa kwanza amepata nafasi ya kwenda Roma pamoja na kwaya, na nyumbani furaha imechanganyika na hofu. Mama huyu asema amemlea mtoto wake aitikie kila salamu, apokee kila kitu kwa mikono miwili, asimpite mtu aliyeangusha mzigo bila kuuokota. Sasa amesikia ya kuwa katika miji mikubwa ya Ulaya wako wezi waibao mifukoni mwa wageni hata mgeni asisikie. Auliza, "Je, haya niliyomfundisha ndiyo yatakayomponza?"

Nalikuwa nimekusudia mwezi huu kuandika habari za bustani za shule, lakini bustani zitangoja mvua, na binti huyu hatangoja. Tena swali la mama yake limenigusa mahali penye kidonda, kama mtakavyoona.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 twalikuwa watu wanane safarini Roma, walimu na waimbaji. Ulikuwa mwaka wa Jubilei, ile iliyofunguliwa tarehe 24 Desemba 2024 na kufungwa tarehe 6 Januari 2026, na mji ulifurika wageni wa kila lugha. Twalishuka katika uwanja wa ndege wa Fiumicino, tukapanda garimoshi liendalo moja kwa moja mpaka kituo kikuu cha Termini, mwendo wa dakika 32, wala halikutupata jambo lolote njiani.

Mweka hazina wetu alikuwa mwalimu mwenzetu, mtu mzima kuliko sisi sote, ambaye kwa heshima twamwita Mzee. Twalimchagua kwa sababu ya uaminifu wake. Fedha za safari zilikuwa za mchango: wazazi walitoa, wanafunzi waliuza mahindi ya shamba la shule, mjane mmoja alileta kuku wawili. Vyote viligeuzwa kuwa euro, na asubuhi ya siku ya pili Mzee alikuwa na euro 1,200 katika pochi moja, pamoja na kadi yake mwenyewe ya benki, katika mfuko wa ndani wa koti upande wa kushoto. Twalidhani hapana mahali salama kuliko hapo.

Termini ndipo zinapokutana njia mbili za garimoshi la chini ya ardhi, njia ya A na njia ya B. Twalitaka ile ya A mpaka kituo cha Ottaviano, ambako watu hushuka ili waende kwa miguu mpaka Kanisa la Mtakatifu Petro. Garimoshi likaja, milango ikafunguka, watu wakasongamana. Mbele ya Mzee alikuwapo msichana aliyevaa vizuri, miwani ya jua kichwani, kama mtalii yeyote. Alipokuwa akiingia akaangusha funguo zake papo hapo mlangoni. Mzee akainama kuziokota. Nani kati yetu asingeinama? Nyuma yake watu wawili wakamsukuma kama wenye haraka, mmoja akifungua ramani kubwa karibu na kifua chake, mfano wa mtu atafutaye njia. Msichana akapokea funguo, akashukuru, akatabasamu. Na kabla milango haijafungwa akaruka nje, na wale wawili wakamfuata, kana kwamba wote wamekosea garimoshi. Mzee akacheka, akasema, "Vijana wa siku hizi wana haraka." Sisi nasi tukacheka.

Alipotaka kununua maji huko Ottaviano, pochi haikuwapo.

Lakini hayo twaliyajua baadaye. Siku ile Mzee hakusema neno. Alituambia ya kuwa tumbo lamwuma, akarudi katika nyumba ya wageni peke yake. Nyumba ilikuwa imelipwa tangu nyumbani, na kila mtu alikuwa na akiba yake ndogo, kwa hiyo hatukushtuka upesi. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu jioni nalimkuta ameketi kitandani na daftari la hesabu magotini, anaandika na kufuta. Nikamwuliza, "Mzee, kuna nini?" Akanitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, watasema nimezila."

Neno hilo kila aliyepata kushika fedha za watu atalifahamu. Kwetu mweka hazina aliyeibiwa na mweka hazina aliyekula hufanana machoni pa watu wa mbali. Mzee hakumwogopa mwizi. Alikuogopa kusimama mbele ya wazazi wale na yule mjane, mikono mitupu, akisimulia habari za funguo na msichana aliyetabasamu. Nani angesadiki? Kwa hiyo alinyamaza, na katika siku zile tatu za kunyamaza, kadi yake ya benki ilikuwa ikitembea mjini. Kadi za siku hizi hulipa kwa kuguswa tu kwenye mashine, na malipo madogo kwa kawaida hayadai namba ya siri. Mwizi alinunua alivyopenda, kidogo kidogo. Kama Mzee angepiga simu benki saa ile ile, hasara hiyo ya pili isingekuwapo.

Basi hili ndilo nililojifunza, nami namjibu yule mama kwa hilo. Mwizi wa ugenini hutumia vitu viwili vizuri tulivyo navyo. Kwanza hutumia adabu yetu, ili afike karibu. Kisha hutumia haya yetu, ili aende mbali. Pochi aichukua katikati, na kuichukua ni kazi ndogo kuliko zote.

Tazameni kazi yao ilivyogawanywa, maana si kazi ya mtu mmoja. Wa kwanza humzuia mgeni mbele, kwa kuangusha kitu, au kwa kusimama ghafula juu ya ngazi ziendazo zenyewe. Wa pili humsukuma nyuma, ili mwili usitambue mguso mdogo kati ya misukumo mikubwa. Wa tatu hufunika kwa koti au ramani au gazeti, na chini ya hilo mkono huingia. Aliyechukua hakai na kitu hata dakika moja. Humpa wa nne, ambaye hujamwona kabisa, naye huondoka. Hata ukimkamata yule uliyemshuku, mifuko yake ni mitupu, na wewe ndiwe uonekanaye mtu wa fujo. Kisha wapenda sana mlango wa garimoshi wakati unapotaka kufungwa, kwa sababu mlango ukiisha kufungwa mgeni yumo ndani na mwizi yuko nje, na kati yao pana kioo.

Wana hila nyingine ambayo ilinishangaza nilipoelezwa. Vituoni husikika tangazo la kuwaonya watu juu ya wezi wa mifukoni, na kwa Kitaliano huitwa borseggiatori, kwa kuwa borsa ni mfuko wa fedha. Wageni wakilisikia tangazo hilo, kila mmoja hupeleka mkono mahali alipoficha fedha zake, apapase kama zingalipo. Mwizi amesimama ukutani, anatazama mikono inakokwenda. Tangazo lililowekwa kwa ajili ya kumlinda mgeni limemwonyesha mwizi mahali pa kutafuta. Basi, ukisikia onyo, usipapase.

Katika Roma mahali pa kuhadhari panajulikana. Ndani ya kituo cha Termini, kwenye mashine za tiketi, huja watu wasioajiriwa na mtu, wakajitia kukusaidia kubonyeza. Wakikusaidia watadai fedha, au watatazama pochi yako ilikotoka na inakorudi. Tiketi ya mji mwaka ule ilikuwa euro 1.50 kwa dakika 100, nayo huuzwa pia katika maduka ya magazeti na tumbaku, ambako hapana haja ya msaidizi. Basi la namba 64, litokalo Termini na kupita katikati ya mji mpaka karibu na Mtakatifu Petro, lina sifa mbaya ya miaka mingi, kwa sababu hujaa wageni ambao macho yao yako dirishani. Sisemi msilipande. Nalilipanda mara nne, na mkoba wangu kifuani, mgongo wangu umeegemea upande wa basi, mbali na mlango, wala sikupotewa na kitu.

Msidhani kwamba ni Roma peke yake, au kwamba huibiwa wajinga tu. Jumba la Louvre la Paris, penye picha mashuhuri, lilifungwa siku nzima tarehe 10 Aprili 2013, kwa kuwa wafanyakazi wake walikataa kazi kwa kuchoshwa na makundi ya wachopozi humo ndani, waliowaibia wageni na kuwatisha walinzi. Na wengi wa wachopozi hao walikuwa watoto, ambao huingia bure.

Hapo pana jambo lenye kuumiza. Kwetu mtoto ni wa wote. Akija na mkono umenyoshwa hatuna moyo wa kumfukuza. Lakini wako watu wazima huko wawatumao watoto kuiba, kwa kuwa sheria ya Italia haimshtaki kwa jinai mtoto aliye chini ya miaka 14. Mtoto huja na kipande cha katoni au karatasi ya kutiwa sahihi, akakiweka juu ya meza yako mahali simu ilipo, na akikiondoa, simu imekwenda nacho. Nalimwona mmoja hivyo mbele ya duka la kahawa. Labda alikuwa na miaka kumi. Mwenye simu alimfukuza kwa matusi, lakini mtu mzima aliyesimama ng'ambo ya njia akimngoja, hakuna aliyemtukana. Mtoto wa namna hii usimpige wala usimtukane. Ondoa simu mezani kabla hajafika, umwambie hapana, basi.

Sasa nije katika swali la adabu. Nalikuwa nikipita karibu na magofu ya Colosseum, nikasikia mtu akiniita kwa furaha, "Ndugu! Afrika! Hakuna matata!" Nikageuka. Mtaniwia radhi, nalikuwa na siku tano sijasikia neno la Kiswahili ila kwa wenzangu, na moyo wangu uliruka. Alikuwa kijana wa Senegali, hakujua neno la Kiswahili zaidi ya hayo mawili, na kabla sijamaliza kumwamkia alikuwa amekwisha kuushika mkono wangu na kunifunga bangili ya nyuzi, akisema ni zawadi. Kisha zawadi ikageuka kuwa euro kumi. Huyu hakuwa mwizi. Alikuwa mchuuzi mwenye shida, na pengine amepita bahari na jangwa hata kufika pale. Nalimpa euro mbili, tukaagana vizuri. Lakini fikirini, mkono wangu ulikuwa umeshikwa, macho yangu yalikuwa juu ya uzi, na mfuko wangu wa suruali ulikuwa wazi kwa yeyote aliye nyuma. Yule hakutaka mfuko wangu. Mwingine angeutaka.

Nikiwa nalifikiri jambo hili usiku, nikakumbuka hodi. Kwetu mgeni hata akiwa ndugu husimama nje, akabisha hodi, akangoja karibu. Asiyebisha hodi akaingia hata chumbani, huyo ndiye aliyevunja adabu; mwenye nyumba akimtoa nje hakufanya utovu wa adabu hata kidogo, na majirani watamsifu. Mwili wa mtu ni nyumba yake, na mfuko wake ni chumba cha ndani. Mtu akushikaye mkono, akusongaye kifuani, akuwekeaye karatasi mezani, akufutaye koti kwa kitambaa akisema ndege amekuchafua, huyo ameingia bila hodi. Humdai radhi, naye hakudai salamu.

Kwa hiyo, mama, usimwondolee binti yako hata adabu moja. Mwongezee hiyo ya hodi. Mwambie, mtu akimsalimu kwa mbali, aitikie akiendelea kutembea. Mtu akianguka au kuangusha kitu, kwanza aushike mkoba wake kwa mkono mmoja, kisha asaidie kwa mwingine. Na kama ni mlangoni mwa garimoshi, avuke kwanza, asimame penye nafasi, ndipo atazame. Aliye katika shida ya kweli hatadhurika kwa kungoja muda wa kupumua mara mbili. Na akiguswa bila ruhusa, aseme "No!" kwa sauti kubwa. Neno hili ni la Kiitaliano na la Kiingereza pia, kila mtu pale atalielewa.

Sauti kubwa ndiyo ngumu kwa wasichana wetu. Tumewafundisha kusema polepole. Mwaka 2023 mama mmoja wa mji wa Venice alijulikana dunia nzima kwa sababu ya sauti yake tu, kwa kuwa alizoea kuzunguka njiani na vituoni akiwapigia wezi kelele, ili wageni wote wageuke watazame. Wezi humwogopa mtu wa namna hiyo kuliko wamwogopavyo askari aliye mbali, maana kazi yao hufa ikitazamwa. Lakini kelele za huko si kama kelele za kwetu, na hili walimu waliseme wazi kwa vijana. Huko kelele ni kwa ajili ya kufanya watu watazame, basi. Hapana mtu wa kukimbizwa wala kupigwa, na anayemfukuza mwizi peke yake katika vichochoro vya mji asioujua, anaweza kupotewa na kitu kikubwa kuliko pochi.

Neno juu ya askari. Mtu akija amevaa nguo za kawaida, akasema ni polisi na anataka kuona fedha zako kama si za bandia, usifungue pochi. Mwambie kwa upole kwamba utamfuata kwa miguu mpaka kituoni, au utapiga 112, namba ya hatari itumikayo katika nchi zote za Umoja wa Ulaya bila malipo. Mwongo hatangoja.

Lakini pasipoti ni jambo jingine. Wengine hushauri iachwe katika nyumba ya wageni na mtu atembee na nakala. Mimi sioni hivyo kwa Italia, maana sheria yao humtaka mgeni aweze kuonyesha hati yake akiulizwa na polisi wa kweli. Basi iwe mwilini, chini ya nguo, isitolewe hadharani. Na nakala mbili ziwe nyingine sandukuni, nyingine kwa mwenzako. Ikipotea hata hivyo, balozi zipo: Tanzania, Kenya na Uganda zote zina ubalozi Roma, na ubalozi huweza kutoa hati ya dharura ya kumrudisha mtu kwao. Watakapoanza kukuhoji, watauliza kwanza karatasi ya polisi.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomwokoa Mzee, nami nitarudi kwake.

Usiku ule wa tatu twaliketi wote wanane katika chumba chake. Hakuna aliyemlaumu, kijana mdogo kuliko wote alimpikia chai. Kwanza tukapiga simu benki, kadi ikafungwa. Asubuhi nikaenda naye kituo cha Carabinieri. Twalingoja saa mbili na zaidi, tena askari aliyetuandikia alikuwa na Kiingereza kidogo, nasi Kiitaliano hatuna; lakini aliandika yote, mahali, saa, kiasi cha fedha, jinsi ilivyokuwa, Mzee akatia sahihi, wakatupa nakala yenye muhuri. Huko huitwa denuncia. Askari alituuliza kwa nini tumekawia. Mzee akainamisha kichwa. Askari akasema kwa ishara na maneno machache ya kwamba wageni wengi hawaji kabisa.

Kutokuja huko kuna faida kwa wezi. Kwa sheria iliyoanza kutumika Italia mwishoni mwa mwaka 2022, wizi mwingi wa namna hii uliachwa kwa malalamiko ya mwenye mali; asipolalamika yeye, mashtaka hayakuendelea. Na mwenye mali ni mgeni mwenye ndege ya kesho. Wezi wa Termini walilijua jambo hilo kuliko wageni. Mtu anyamazaye kwa haya amewapa mlango wa kutokea.

Fedha hazikupatikana, wala hatukutazamia zipatikane. Tuliishi siku zilizobaki kwa akiba zetu na kwa mikate, tukarudi salama. Nyumbani yalikuwako manung'uniko kama Mzee alivyobashiri; nalisikia moja kwa masikio yangu mwenyewe, nyuma ya ghala. Lakini kwenye mkutano wa hesabu Mzee alisimama na ile karatasi, ikapitishwa mkono kwa mkono, na waliojua kusoma wakawasomea wengine tarehe na saa na muhuri. Yule mjane wa kuku ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Mwenzetu ameibiwa, amerudi mzima." Na mkutano ukaendelea na mambo ya paa la shule. Mzee bado analipa kidogo kidogo kutoka mshahara wake, ingawa tumemkataza. Asema ni kwa ajili ya usingizi wake.

Kosa halikuwa lake peke yake. Sisi sote twalimwachia mtu mmoja fedha zote katika mfuko mmoja, tukaita jambo hilo uaminifu. Wazee wetu waliosafiri pwani kwa miguu hawakufanya hivyo. Kidogo kilikuwa kiganjani kwa ajili ya njiani, kingine ndani ya mzigo, na kilicho kikubwa kibindoni, ambako mtu hawezi kukifikia bila mwenyewe kujua. Siku hizi ni vivyo hivyo: fedha za siku moja katika pochi, ambayo hata ikienda huwezi kulia sana, kadi moja mwilini na nyingine kwa mwenzako, na fedha za kundi zigawanywe kwa watu watatu au wanne, huku kila jioni zikihesabiwa mbele ya wote. Kuhesabu huko si kumshuku mtu. Kama tungekuwa tumehesabu jioni ile, Mzee asingelala siku tatu na siri yake.

Simu nayo ni pochi, tena wengi wetu tumeweka humo fedha zote za nyumba. Kabla ya safari bonyezeni *#06#, namba ndefu itatokea. Iandikeni kwenye daftari libakialo nyumbani, maana polisi na kampuni ya simu huitumia kuitambua simu hiyo. Laini pia iwekewe namba yake ya siri, ili isifanye kazi ikitiwa katika simu ya mwizi. Na mtu mmoja wa nyumbani, mwenye kulala usingizi mwepesi, awe na namba za benki na za kampuni ya simu. Aliyeibiwa huwa amepoteza hata namba za kuombea msaada. Atapiga simu moja tu ya kuazima, basi apige kwa huyo.

Niseme na hili, maana nisiposema nitakuwa nimeandika nusu. Siku moja katika basi naliketi karibu na bibi mmoja wa Kiitaliano. Aliponitazama akauvuta mkoba wake, akauweka upande wa pili, akaushika kwa mikono miwili. Nalivaa shati jeupe na tai. Uchungu nalioupata sikuusahau upesi, na bado nakumbuka kwamba mimi mwenyewe, asubuhi hiyo hiyo, nalikuwa nimeuvuta mkoba wangu kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyevaa sketi ndefu, ambaye baadaye nalimwona akimshusha mama yake mgonjwa kwenye ngazi. Aliyemwibia Mzee alivaa kama mwanafunzi wa chuo. Basi shikeni mikoba yenu sikuzote, kwa kila mtu, hata hapana mtu. Ndipo hamtakuwa na haja ya kuishika kwa ajili ya sura ya mtu fulani.

Walimu wenye makundi ya kupeleka mbali, fanyeni mazoezi darasani. Panga viti viwe kama behewa, vijana wengine wawe abiria, wanne wawe wezi, na kitambaa kiwe pochi. Sisi tumefanya hivyo shuleni mwetu mwezi wa pili. Mara ya kwanza kitambaa kilichukuliwa kwa kila abiria bila hata mmoja kujua, na darasa zima lilicheka. Mara ya tano wezi walipata kimoja. Msichana mmoja mnyamavu alisema "No!" kwa sauti iliyowafanya kuku wakimbie uani.

Na mwisho mama yule aliuliza juu ya mfuko wa kushonwa. Ndiyo, mshonee. Pasipoti ina urefu wa milimita 125 na upana wa milimita 88. Basi kata kitambaa cha pamba, kisicho kizito, ili mfuko ukiisha kushonwa uwe na sentimita 14 kwa 11, zibaki nafasi za kutosha kuingiza na noti chache zilizokunjwa. Ushonwe upande wa ndani wa gauni la chini, juu kidogo ya kiuno, si mgongoni, na mdomo wake uwe na kifuniko chenye vifungo viwili, maana kimoja hufunguka. Tumia uzi maradufu. Akishauvaa, mwambie aketi, asimame, ainame kuokota funguo.